Kabla ya kombe kulikuwa na sepetu

Oktoba 2024, kwenye majabali mekundu ya Virgin, jimbo la Utah, Marekani, Robin Goomes aliteremka genge kwa baiskeli, akapinduka kinyumenyume hewani na kutua salama. Binti huyo wa New Zealand, aliyekulia Visiwa vya Chatham, akawa mwanamke wa kwanza kushinda Red Bull Rampage. Mwaka uliofuata akashinda tena.

Mashindano hayo yalianza 2001, na hadi 2024 yalikuwa ya wanaume watupu. Wapo wanaosema kina dada walichelewa kwa kuwa hawakuwa tayari. Mimi nauliza: mtu atajuaje kuogelea asipoingia majini?

Rampage haina njia iliyotengenezwa. Kila mshindani hupanda na wasaidizi wake, wakachimba kwa sepetu njia yake mwenyewe na mahali pa kurukia. Ujuzi huo haupatikani kwa kutazama video.

Ndiyo maana kwangu mwaka mkubwa ni 2019. Mwaka huo Katie Holden alianzisha Formation, kambi ya wanawake huko huko Virgin. Hapakuwa na mshindi; walichimba, wakajaribu, wakasaidiana kuishinda hofu. Miaka mitano baadaye mlango ulipofunguliwa, watu walikuwepo wa kuingia.

Basi tusiishie kupiga makofi. Anayetaka kuwaona wasichana kileleni, awape mapema uwanja, zana na muda wa kuanguka na kuinuka. Kombe huja baadaye.