Msimzike Rubani Pamoja na Ukweli

Ndege ikianguka, mshitakiwa hupatikana hata moshi haujatulia: ni rubani. Amekwisha kufa, hawezi kubisha, na mjane wake hana ubavu wa kupambana na mawakili wa kiwanda. "Kosa la kibinadamu," tunaambiwa, faili linafungwa, wakubwa wanakwenda kula. Mimi kauli hiyo imenichosha.

Twende Ufaransa, usiku wa Januari 20, 1992. Airbus A320 ya shirika la Air Inter imetoka Lyon kwenda Strasbourg na watu 96. Marubani wote wawili wana miaka angani, ila kwa ndege ya aina hii ni wageni. Nje mawingu, wanajiandaa kutua. Wachunguzi waliona inaelekea zaidi kwamba walitaka ishuke kwa mteremko wa nyuzi 3.3. Lakini kitufe, ambacho hupanga ama mteremko ama mwendo wa kushuka, kilikuwa upande wa mwendo, na kioo kikasoma 33, maana yake futi 3,300 kwa dakika, takriban mara nne ya walichokusudia. Ndege ikajibamiza kwenye milima karibu na Mont Sainte-Odile. Wakafa 87.

Haya, walikosea. Nani anabisha? Vipimo vingine vilikuwa mbele yao vikionyesha ndege inavyoporomoka, nao hawakugundua. Sasa niambieni: aliyebuni kitufe kimoja chenye kazi mbili, tarakimu zilezile, tofauti ikiwa nukta na herufi chache, alikuwa malaika? Mpe mfamasia chupa mbili zilizofanana, dawa na sumu, uzitenganishe kwa nukta kwenye lebo. Siku akikosea utamfunga yeye peke yake?

Na si hilo tu. Kifaa cha kupiga kelele ardhi inapokaribia kilikuwapo duniani miaka mingi. Air Inter haikukifunga. Ndege zake zilizoeleka kushuka kwa kasi, na kifaa, walilalamika, kilikuwa kikipiga kelele za bure. Usumbufu! Usiku ule kelele moja ya bure ingekuwa na thamani gani?

Baada ya maziko, Airbus ikabadilisha kioo kionyeshe tarakimu zote nne. Kama kosa lilikuwa la marehemu peke yao, walitengeneza nini? Mwaka 2006, miaka 14 baadaye, watu sita walisimamishwa mahakamani Colmar. Wote wakaachiwa.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Mei 5, 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Douala, Kamerun, na watu wote 114 wakafa. Nahodha alikuwa amekwisha kutamka kwamba ndege ijiendeshe yenyewe. Haikuwa ikijiendesha, wala hakuna aliyehakikisha. Ripoti iliwalaumu marubani. Ripoti hiyohiyo inaeleza kwamba udhaifu wa nahodha ulikwisha kuonekana katika mafunzo yake. Basi aliyesoma kumbukumbu hizo akamkabidhi ndege usiku wa mvua, jina lake liko ukurasa gani?

Waandishi wenzangu, ripoti ijayo ikisomwa, msiondoke kwenye ukumbi na neno "rubani" peke yake. Ulizeni nani alibuni kitufe, nani alikataa kununua kifaa cha onyo, nani alitia saini cheti cha mafunzo. Na wasipojibu, andikeni kwamba hawakujibu.