Shanta hupimwa mgongoni
Makala ninayoijibu imejadili mno ujazo wa shanta, yaani begi la mgongoni, ilhali jambo linalompa nafuu mwanamke mwindaji au askari wa wanyamapori ni shanta kulingana na urefu wa kiwiliwili chake, unaopimwa kwa utepe kuanzia pingili inayotokeza chini ya shingo anapoinamisha kichwa hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Kwa kuwa wanawake wengi wana kiwiliwili kifupi kuliko wanaume, mwandishi angeeleza pia kwamba shanta refu huushusha mkanda wa nyonga, ule mpana unaopaswa kubeba sehemu kubwa ya uzito, na sehemu kubwa ya mzigo ikabaki mabegani. Wachangiaji wa maoni wanaodai kuwa mwanamke wa kata ya Kasoli aliyezoea kujitwisha ndoo ya lita 20 hahitaji somo hili wamechanganya mambo, kwani ndoo hutuliwa nyumbani, wakati doria katika Pori la Akiba Maswa huweza kuwa ya kutwa, huku mkanda wa bunduki ukiteleza juu ya ule wa shanta kila askari anapoinama kupita chini ya migunga. Afadhali shanta lijaribiwe dukani likiwa na mzigo (muuzaji akinuna, na anune) kuliko kuchaguliwa kwa rangi ya waridi.