Mafundi wetu wafunzwe hesabu ya waya

Wamunyu ni mji mdogo, lakini jina lake limefika mbali. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge, mzaliwa wa huko, alijifunza kuchonga kwa Wamakonde huko Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Tangu aliporejea nyumbani, uchongaji wa vinyago umepita kutoka mkono hadi mkono bila kitabu wala darasa. Baba alimfunza mwana, mwana akamfunza mpwawe, na vinyago vya Wakamba vikanunuliwa hadi Ulaya na Marekani. Si ajabu, basi, kwamba kijana anayetaka kuwa fundi wa umeme wa magari katika mji huo, au katika mji mwingine wowote kando ya barabara ya Machakos kuelekea Kitui, hufunzwa kwa njia iyo hiyo. Humtazama mkubwa wake, hushika koleo, na baada ya miaka miwili au mitatu naye huitwa fundi.

Mimi nauheshimu utaratibu huo, maana umewalisha wengi ambao karo iliwashinda. Hata hivyo, nashikilia kwamba hautoshi katika jambo moja ambalo aghalabu hudharauliwa, nalo ni uchaguzi wa unene wa waya.

Sababu ni hii. Mchongaji akikosea, mti humwambia papo hapo: gogo hupasuka au sikio la twiga hukatika. Waya hausemi. Fundi akitia waya mwembamba mahali palipohitaji waya mnene, taa zitawaka, mwenye gari atalipa na kwenda zake akiwa ameridhika. Kosa litalala chini ya ngozi ya plastiki kwa wiki au miezi, na siku litakapojitokeza hapatakuwa na mtu wa kulihusisha na kazi ile. Kikulacho ki nguoni mwako. Ujuzi ambao makosa yake hayaonekani kwa macho hauwezi kufunzwa kwa kutazama tu. Sharti ufunzwe kwa hesabu.

Na hesabu yenyewe si ngeni. Georg Simon Ohm aliichapisha kanuni yake mwaka wa 1827, na kila mwanafunzi wa fizikia katika shule zetu za sekondari huikariri. Tuseme mwenye matatu anataka kuongezewa taa mbili za wati 55 kila moja. Jumla ni wati 110. Zigawe kwa volti 12 za betri, utapata mkondo wa ampea 9 na kitu. Tuseme pia kwamba waya kutoka betri hadi kwenye taa ni mita 4. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na eneo la mkato la milimita mraba 1 una ukinzani wa takriban omu 0.017. Fundi akitumia waya wa nusu milimita mraba, ukinzani wa mita zile 4 utakuwa omu 0.14 hivi, na volti 1.3 zitapotelea njiani. Akitumia waya wa milimita mraba 2.5, hasara itakuwa robo tu ya volti.

Volti 1.3 zaonekana kuwa kitu kidogo, lakini sivyo. Mwanga wa taa za uzi hupungua kwa kasi kuliko volti: ukiipunguzia taa volti kwa sehemu moja ya kumi, hupoteza karibu theluthi moja ya mwanga wake. Kwa hivyo, mwenye gari aliyenunua taa ili aone mbele usiku amelipia mwanga ambao sehemu yake kubwa haitafika barabarani. Wati zipatazo 12 zinageuka kuwa joto ndani ya waya wenyewe, ambao pengine umefungwa pamoja na nyaya nyingine karibu na injini iliyo moto tayari. Miezi ikipita, plastiki hukauka na kupasuka, shaba ikagusa bodi ya gari.

Hapo ndipo fyuzi ingetuokoa, kama ingekuwa fyuzi. Wengi hudhani kwamba kazi ya fyuzi ni kulinda taa au redio, ilhali kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Ikikatika mara mbili tatu, wapo wanaoweka kubwa zaidi, ama kuiziba kwa uzi wa waya au karatasi ya fedha itokayo katika pakiti ya sigara. Tangu hapo, kitu chembamba kuliko vyote katika njia ya umeme ni ule waya uliofichwa nyuma ya dashibodi, na ndio utakaoungua badala ya fyuzi. Abiria walioketi ndani hawana habari.

Kuna pia utata wa nambari. Watu wetu wanajua geji kutokana na mabati: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28, yaani nambari ikipanda unene hushuka. Nyaya zinazopimwa kwa geji hufuata desturi hiyo. Lakini nyaya za magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi barabarani mwetu, hupimwa kwa milimita mraba, na hapo nambari ikipanda unene hupanda pia. Isitoshe, geji zenyewe si moja. Waya wa geji 14 ya Kiingereza una eneo la milimita mraba 3.2 hivi, ilhali wa geji 14 ya Kimarekani una 2.1 tu. Kijana asiyefunzwa tofauti hizi hukadiria waya kwa kuubana kati ya vidole, na vidole hudanganywa, kwa kuwa ngozi nene yaweza kufunika shaba nyembamba. Wengine hutumia waya wa nyumba wa uzi mmoja mgumu, wasijue kwamba mtikisiko wa gari huukata waya huo, na kwamba ndiyo sababu waya wa gari husukwa kwa nyuzi nyingi laini.

Najua nitaambiwa kwamba mafundi wetu wameyatengeneza magari miaka mingi pasipo hesabu hizi, na magari yanakwenda. Ni kweli yanakwenda. Pia nitaambiwa kwamba wenye magari ndio wanaotaka waya wa bei nafuu. Hilo nalo ni kweli, na fundi asiyeweza kueleza kwa tarakimu kwa nini waya mnene unafaa hana silaha ya kumjibu mteja bahili. Hesabu ingempa fundi hoja, na hoja ingempa heshima.

Basi nawageukia walimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, uliahidi kumpa mwanafunzi ujuzi wa kujitegemea. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2017 umeirudia ahadi hiyo kwa maneno mapya. Mwalimu wa fizikia hahitaji maabara ya fahari ili kuitimiza. Na awape wanafunzi kanuni hii fupi: zidisha urefu wa waya kwa mita, mara ampea, mara 0.017, kisha gawa kwa volti unazokubali kupoteza; jibu ni milimita mraba zinazohitajika. Kwa taa zetu mbili, ukikubali kupoteza volti 0.36, yaani asilimia 3 ya volti 12, utapata karibu 1.7. Chukua waya wa saizi inayofuata kwa ukubwa, kamwe si ule ulio chini yake. Iwapo mkondo unarudi kwa waya badala ya bodi ya gari, hesabu urefu mara mbili.

Kisha wanafunzi waandike jedwali moja la ampea, urefu na unene, kwa Kiswahili na Kikamba, walipeleke kwa mafundi walio jirani na shule likatundikwe ukutani. Mafundi nao wawaruhusu vijana walio chini yao kufanya mitihani ya ufundi inayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ili elimu ya mikono ipate cheti chake.

Mwanafunzi aliyeikariri kanuni ya Ohm bila kugusa waya, na fundi aliyegusa waya maisha yake yote bila kuisikia kanuni hiyo, huenda wakawa watoto wa nyumba moja. Ni wajibu wetu kuwakutanisha, kabla waya uliofichwa haujawakutanisha na abiria katika moto.