Kanisa Lililotubu Hupimwa kwa Nini?

Mtu akisimama Balambala, ukingoni mwa mto Tana, aweza kudhani kwamba habari za wachungaji wakatili ni habari za watu wa mbali. Wenyeji wengi wa huko ni Waislamu, makanisa ni machache, na mwanafunzi akisikia mambo haya huenda akasema, "Hayo hayanihusu." Mimi nasema yanamhusu. Jambo ninaloshindania si la dini hii wala ile. Ni hili: kundi lililotawaliwa kwa ukatili likitangaza kwamba limekwisha kuuacha ukatili huo, tangazo lenyewe si ushahidi.

Mfano tunao katika nchi yetu wenyewe. Paul Mackenzie alianzisha kanisa la Good News International mjini Malindi mwaka 2003. Alihubiri kwamba shule ni kazi ya shetani, na mwaka 2017 alishtakiwa kwa sababu ya watoto walioachishwa masomo. Mwaka 2019 kanisa likafungwa, naye baadaye akasema kwamba amekwisha kuacha kuhubiri na amekuwa mkulima. Wengi waliridhika. Jengo limefungwa, vipaza sauti vimenyamaza; wakitafuta nini tena? Kumbe wafuasi, waliotoka pande nyingi za Kenya, walikuwa wakimfuata katika msitu wa Shakahola. Serikali ilipoanza kufukua makaburi mwezi wa Aprili 2023, hesabu ya miili ilizidi 400, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Wengi walikufa kwa njaa, wakiwa wameambiwa kwamba kufunga mpaka kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Mackenzie alishtakiwa, akakana. Tena mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, katika Kaunti hiyo hiyo ya Kilifi.

Basi kilichofungwa mwaka 2019 kilikuwa mlango tu. Utii haukufungwa, wala hofu.

Kwa hiyo sioni sababu ya kushangilia kundi linapobadili jina, au linapohamia jengo jipya, au kiongozi wake anapopiga magoti mbele ya watu na kulia. Nimepata kuhudhuria mkutano wa namna hiyo. Mzee alilia, nasi tukalia pamoja naye, tukaimba, tukashikana mikono. Na kitabu cha hesabu hakikufunguliwa siku ile wala siku nyingine. Sisemi machozi yake yalikuwa ya uongo. Huenda yalikuwa ya kweli kabisa. Lakini machozi hayakumrudishia mjane hata shilingi moja.

Ukitaka kujua, mtazame aliyetoka. Katika kundi la kikatili mtu atokaye huitwa msaliti. Ndugu zake hukatazwa kula naye, mkewe huambiwa amwache, na habari zake hugeuzwa kuwa hadithi ya kutishia watoto. Kiongozi akibadilishwa na mambo hayo yakabaki vile vile, hakuna kilichobadilika ila sura iliyo kitini. Kundi lililotubu kweli lingeanza safari yake kwa huyo aliyetoka. Lingekwenda nyumbani kwake, bila kamera, likamsikiliza hata akisema kwa hasira, likaungama kwamba alisema kweli nao wakamwita mwongo. Kisha lingemwacha huru, arudi au asirudi. Nikiona hayo nitaamini haraka. Nikisikia kwamba ameitwa aje mbele ya watu awakumbatie waliomtesa, nitajua kwamba bado anatumiwa.

Hapo ndipo nitakapojibiwa kwamba Mkristo ni wa kusamehe. Naam, na asamehe; lakini asamehe yule aliyeumizwa, kwa wakati wake mwenyewe. Wepesi wa kusamehe mara nyingi huwa kwa wale ambao hawakupoteza kitu. Tena kumsamehe mtu aliyeiba hakutulazimishi kumfanya mweka hazina. Anayesema kwamba msamaha haujatimia mpaka mchungaji arudishiwe mimbari, huyo hadai msamaha, anadai cheo.

Wengine watasema kazi hii ni ya serikali. Baada ya Shakahola, Rais aliunda jopo chini ya Kasisi Mutava Musyimi kutazama namna ya kusimamia mashirika ya dini. Sheria yafaa: yaweza kudai orodha ya viongozi na hesabu ya fedha. Lakini haiwezi kukaa katika ibada na kuona ni nani anayetazama chini kila kiongozi anapopita. Wala si haki kulishuku kila kanisa dogo kwa sababu ya moja.

Nirudi mtoni. Wakristo wa Garissa wengi ni walimu, wauguzi, askari na wafanya biashara waliotoka mbali na jamaa zao. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mji huo yalishambuliwa, watu 17 wakauawa. Na baada ya msiba ule wazee wa Kiislamu walikubali vijana wao wasaidie kuyalinda makanisa. Jambo hilo lilikuwa jema, nami naliheshimu. Lakini fikiri hali ya mwalimu kijana aliyeletwa Balambala, asiye na shangazi wala mjomba karibu, ambaye kundi lake la ibada ndilo jamaa yake pekee. Kiongozi akimdhulumu, atamwambia nani? Akisema nje, ataambiwa ameiaibisha imani mbele ya majirani. Akisema ndani, huenda anayemsikiliza ndiye aliyemdhulumu. Mlinzi wa langoni, awe Mwislamu au Mkristo, hutazama anayeingia. Hawezi kuona yatendwayo nyuma ya mgongo wake. Na mwalimu huyo akihamishwa siku moja kwa ghafula, wenzake wakaambiwa wasimwandikie barua, mwanafunzi wake wa Kisomali ana haki ya kuuliza sababu.