Tuulize Walioingia Walikuwa Wangapi

Ndugu zangu wazazi na walezi wa Nzuguni,

Tarehe 29 Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Kaimu Katibu Mtendaji Athumani Amasi alieleza kuwa halitatangaza tena shule bora wala wanafunzi bora, kwani shule hazilingani mazingira. Orodha za kujitengenezea, hata hivyo, zimebaki kwenye mabango, vipeperushi na magrupu ya WhatsApp: "Daraja la kwanza asilimia mia." Na sisi tunatoa ada kwa kuiamini asilimia hiyo.

Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, kwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Mwenye A saba yumo. Mwenye B nne na C tatu yumo pia, bila A hata moja.

Hilo ni dogo. Linaloniuma ni mchujo. Tuseme shule ilipokea watoto 90 kidato cha kwanza, wakafika mtihani wa mwisho 55, wote daraja la kwanza. Wale 35 wako wapi? Wapo waliohama kwa halali. Dodoma ni jiji la watumishi, mzazi akihamishwa mtoto humfuata. Lakini wapo walioambiwa wastani wao haujafika, watafute shule nyingine, na wapo wanaosajiliwa kituo kingine wasije wakaharibu jina la shule. Mzazi huona haya, akanyamaza. Shule inasifiwa kwa ukimya wetu, na mtoto anabaki akijiona hafai.

Tunaweza kuhesabu wenyewe. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yapo kwenye tovuti ya Baraza, shule kwa shule. Chukua waliofanya upimaji 2022, linganisha na waliofanya kidato cha nne 2024. Pengo likiwa kubwa, hapo pana swali la kuulizwa.

Mzazi mmoja akiuliza, huambiwa kama haridhiki amchukue mtoto wake. Kwa hiyo tuulize pamoja. Naomba kila mtaa wa kata yetu uliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano wake, uchague wazazi wachache, na tuandike barua moja kwa kila shule binafsi tunayosomesha: mlipokea wangapi, wamehama wangapi na kwa nini, mmesajili wangapi kwingine, wamefanya mtihani wangapi? Idadi tu, majina ya watoto yasitajwe. Nakala iende kwa Afisa Elimu Sekondari wa Jiji na kwa wathibiti ubora wa shule.

Darasa la saba wakimaliza mtihani wao Septemba, msimu wa usaili umefika. Barua zitoke kabla ya hapo. Majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, na shule isiyojibu nayo iandikwe, nafasi ya takwimu zake ikiachwa wazi.