Asiyerudisha Elimu Kijijini Asivikwe Joho

Kila mwaka vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huongeza vitabu na tasnifu juu ya Biblia na teolojia ya Kikristo. Mtafiti huenda kijijini, huwauliza wazee wanavyozika, wanavyowapa watoto majina na wanavyoomba mvua. Kisha huandika kwa Kiingereza, na kitabu huwekwa rafuni chuoni. Mzee aliyeulizwa hakioni kamwe. Huo ni udhalimu, nao ukome.

Tazama Mella, gombolola ya wilaya ya Tororo, mpakani mwa Uganda na Kenya. Waiteso wa huko na ndugu zao wa kaunti ya Busia walitenganishwa na mpaka wa wakoloni, lakini Biblia nzima ya Kiteso wanayo tangu 1961. Neno lilivuka mpaka zamani. Ufafanuzi wa kisomi ndio uliokwama. Katekista anayeongoza ibada Jumapili ambayo padri hakufika huulizwa juu ya matanga, mahari na kurithi wajane. Wasomi wetu wameyachambua hayo kwa kina, ila kwa lugha isiyo yake na kwa bei asiyoimudu.

Wapo watakaodai kwamba usomi haukai katika lugha za nyumbani. Mwanateolojia Mkenya John Mbiti alikwisha kuwajibu. Alifundisha Makerere, na mwaka 1969 akatoa African Religions and Philosophy, kitabu kilichosomwa duniani kote. Alipovuka miaka 80 alikuwa bado kazini: alilifasiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba, likatoka 2014. Kama Kikamba kilibeba Kigiriki cha Paulo, Kiteso na Kiswahili vitashindwaje kubeba tasnifu?

Wengine watasingizia uchapishaji. Mwanateolojia mwenzake Jesse Mugambi alianzisha Acton Publishers jijini Nairobi, vitabu vya wanateolojia wa Kiafrika vikachapwa nyumbani. Njia ipo. Kiswahili nacho ni lugha rasmi Kenya kwa katiba ya 2010, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda likakiidhinisha kuwa lugha rasmi. Kitabu kimoja kitasomwa pande zote mbili za mpaka.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kila tasnifu ya teolojia iliyojengwa kwa mahojiano iambatane na muhtasari wa Kiswahili na wa lugha ya waliohojiwa, na nakala ikabidhiwe parokia au kanisa lao. Pili, vyuo vihesabu tafsiri kuwa kazi ya kisomi mhadhiri anapopandishwa cheo. Tatu, majimbo na dayosisi zitenge fungu la vitabu vya makatekista na wainjilisti kabla ya kujenga ukumbi mwingine.

Maneno ya mzee wa Mella ni amana mkononi mwa mtafiti, na amana hurudishwa kwa mwenyewe. Asiyeirudisha, chuo kisimvike joho.