Uchafu Wenye Sababu

Gari la mfano lisilo na vumbi wala mkwaruzo ni gari ambalo halijaenda popote. Nayasema haya nikijua kwamba yatawaudhi baadhi ya walimu wenzangu, hasa wale waliozoea kupima ubora wa zana za kufundishia kwa kung'aa kwake. Na waudhike. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, nikaongoza chuo, na sasa nimestaafu. Sina cheo cha kupoteza.

Katika chuo kimoja nilichopata kufanya kazi, ambacho sitakitaja, palikuwa na maonyesho ya zana kila mwisho wa mwaka. Wanachuo walitengeneza malori ya mbao na makopo, vijiji vya udongo na madaraja ya vijiti. Karatasi ya kusahihishia ilikuwa na fungu kubwa la alama za "unadhifu". Mwanachuo mmoja akaleta lori lenye vumbi jekundu hadi katikati ya milango, bodi limekwaruzwa na mizigo, na upande wa ndani wa tairi moja la nyuma pana michirizi myeusi. Akakatwa alama kwa uchafu. Hakuna msahihishaji aliyemwuliza michirizi ile ni ya nini. Ilikuwa breki inayovuja! Kijana yule alikuwa ametengeneza somo zima la usalama barabarani, wakubwa wakaona doa. Nafasi ya kwanza ikaenda kwa lori la buluu lililong'aa kama sahani ya harusini. Nilipinga kikaoni, nikashindwa kwa kura.

Ndugu msomaji, usidhani nagombania alama za mtu mmoja. Nagombania macho ya watoto. Mtoto anayefundishwa kwamba doa ni aibu hujifunza kugeuza uso aonapo doa. Kesho ndiye utingo, ndiye dereva, ndiye abiria anayepanda basi lenye michirizi ile ile asiijue maana yake.

Uchakavu ni maandishi. Tazama mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na mara hiyo pia yakamaliza 7. Miaka yote miwili walishinda Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Kilichowaangusha wengine wengi ni mvua na matope ya majira ya Pasaka. Viwanda vya Ulaya na Japani vimetoa magari ya mfano ya Safari, kwa vipimo vya 1:43 na 1:24, na watu huyaweka kabatini yaking'aa. Gari la mwaka 1968 bila tope! Hilo ni sawa na kusimulia vita bila kumtaja aliyekufa. Ondoa tope, nawe umeondoa sababu ya magari 86 kutofika.

Lakini nina ugomvi pia na kundi la pili, nalo ni la wapenda kutu. Hawa wamegundua kwamba uchakavu unapendeza, basi wanaumwaga kila mahali kama mpishi aliyeokota chumvi. Nimeona Land Rover ya zamani ya mfano, madigadi yake yamepakwa kutu nyekundu. La hasha! Madigadi na milango ya Land Rover zile yalikuwa ya bati la alumini, na alumini haitoi kutu nyekundu. Chasisi ndiyo ya chuma, nayo ndiyo iliyoliwa. Kadhalika bodi la lori linalopakia mawe kila siku haliwi na kutu katikati; husuguliwa likang'aa. Kutu hukaa pembeni, pasipoguswa na kitu, na chini ya milango, maji yanapotuama. Jua huchuja rangi ya paa kabla ya rangi ya ubavu. Vumbi halikai pale waipa inapofagia. Kila alama ina sababu yake, na asiyejua sababu asishike brashi.

Kazi hii haidai fedha, kama wanavyodai wavivu. Paka gari rangi ya kutu, lilowanishe, nyunyiza chumvi ya jikoni pale panapostahili, kisha paka rangi ya juu. Ikikauka, sugua chumvi itoke. Utaona rangi imebanduka kama ilivyobanduka kwa miaka. Rangi nyeusi iliyozimuliwa sana ikipitishwa kwenye mikunjo huleta kivuli na grisi. Na vumbi? Mwalimu analo mkononi kila siku: ni chaki, ikisagwa pamoja na mkaa na udongo uliochekechwa kwa kitambaa.

Nasisitiza uchekechwe, kwa maana hapa pana hesabu. Katika kipimo cha 1:24, mkwaruzo wa milimita 5 ni jeraha la sentimita 12, na punje ya mchanga ya milimita 1 ni kokoto ya milimita 24. Mwanafunzi akikosea hapo ameshajifunza uwiano kuliko ambavyo angejifunza kwa maswali kumi ya ubaoni. Akiulizwa gari limetoka wapi, atachagua kati ya udongo mwekundu wa milimani na ule mweusi wa mbugani unaonata tairi. Hiyo ni jiografia. Akieleza kwa nini gari la pwani huliwa upesi, hiyo ni kemia.

Wapo watakaosema kwamba tunawadhalilisha watoto kwa kuwaonyesha ufukara wao, ilhali tungewapa kitu kizuri cha kutamani. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote, lakini naikataa. Lori lililokwaruzwa si lori la fukara. Ni lori lililofanya kazi. Mkwaruzo ule ni gunia la mtu fulani, lililobebwa na mgongo wa mtu fulani. Tukiufuta, tunamfuta mchukuzi. Baba za watoto hawa wana mikono yenye sugu. Je, tuwafundishe kwamba mikono hiyo nayo ikatwe alama za unadhifu?

Kwa hiyo nawaomba walimu wa vyuo, wale ambao bado wanashika kalamu nyekundu: futeni neno "unadhifu" katika karatasi ya zana, andikeni "sababu". Kisha simameni mbele ya kila lori, wekeni kidole juu ya kila doa, mkaulize limetoka wapi. Mwanachuo mwenye jibu apewe alama zake. Asiye na jibu arudi na gari lake, hata kama linang'aa.